Mtaa usiokudai gari: kuchagua pa kuishi Dar es Salaam kwa hesabu ya miguu

Madalali wa nyumba Dar es Salaam wana dakika zao. Dalali akikwambia nyumba iko "dakika tano tu kutoka lami", muulize ni dakika tano za nini. Mara nyingi ni za bodaboda, mchana, njia ikiwa kavu. Kwa miguu zinakuwa 25, na masika yakishika inakuwa safari ya viatu mkononi. Mpangaji aliyepelekwa kuiona nyumba akiwa kwenye bajaji hazihisi dakika hizo. Anaanza kuzihesabu akiwa amekwisha kulipa kodi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja juu yake ambayo ni ya dalali.

Dar ni jiji la ajabu kidogo katika suala hili. Wakazi wake wengi hawana gari, lakini linapanuka kana kwamba kila kaya inalo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakwenda kubanana Kariakoo wala Upanga. Wengi waliangukia pembezoni: Goba, Madale, Kivule, Chanika, Kibada, Toangoma, na kule juu Mbezi ya Barabara ya Morogoro. Huko ndiko ardhi ilikobaki, na huko ndiko mtu wa kipato cha kati anakopata kiwanja cha kujengea kidogo kidogo, tofali kwa tofali, kwa miaka kumi.

Tunaposema jiji linategemea gari, hatuna maana kwamba kila mtu ana gari. Maana yake ni kwamba mambo madogo ya siku, mkate wa asubuhi, dawa ya mafua, mtoto kwenda shule, kusalimia jamaa, hayafanyiki bila injini ya mtu fulani. Injini hiyo inaweza kuwa ya kwako, ya daladala au ya kijana wa bodaboda aliyeegesha kwenye kona. Kwa mtazamo huu mwenye gari Mbweni na asiye na gari Goba wako kundi moja: wote wawili wakiishiwa chumvi saa moja usiku, lazima mtu awashe mashine.

Sisi tuliokulia uswahilini tuna kipimo kizuri kuliko ramani yoyote: unaweza kumtuma mtoto dukani? Si kijana wa sekondari, mtoto wa darasa la pili au la tatu, mwenye noti mkononi na maneno ya kukumbuka, "sukari nusu, majani ya chai na kiberiti." Kama anaweza kwenda na kurudi mwenyewe kabla maji hayajachemka, mtaa huo ni wa miguu. Kama mama anasita, jiulize anasitia nini. Umbali? Barabara ya kuvuka? Ukuta mrefu usio na mtu? Katika majibu hayo mna elimu nzima ya mipango miji.

Watu wengi wakizungumzia kutembea hukimbilia njia za waenda kwa miguu, zile zenye matofali ya zege pembeni mwa lami. Ni kitu kizuri, ila hakianzi pale. Masaki na Oysterbay kuna njia za namna hiyo kwa kiasi ambacho sehemu nyingine za jiji zinakionea wivu, na alfajiri utakuta watu wanakimbia kutoka Coco Beach wakiwa na raba za bei mbaya. Mchana njia hizohizo zina walinzi na wasichana wa kazi wanaokwenda kituoni. Mwenye nyumba akitaka nyanya anatoa gari. Sasa nenda mitaa ya ndani ya Sinza. Njia ya miguu hakuna. Watu wanatembea katikati ya barabara na gari ndilo linalongoja. Na bado mtu anaweza kukaa Sinza wiki nzima, akala, akanyolewa, akatengenezewa simu, akashonewa nguo, akasali na akapata dawa, bila kupanda chochote.

Tofauti ya mitaa hiyo miwili imezaliwa mezani kwa wapimaji, miaka mingi kabla ya tofali la kwanza.

Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja na huduma. Wazo lilikuwa la kiasi: serikali haiwezi kumjengea kila mtu nyumba, basi ipime ardhi, ichonge barabara, ilaze mabomba ya maji, itenge maeneo ya shule na soko, halafu wananchi wajenge wenyewe kwa uwezo wao. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa katika mpango huo. Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga, iliboreshwa tu bila kupangwa upya. Mwaka 2021 mwanauchumi Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo ya mradi huo katika miji ya Tanzania, na walichokiona kinaendana na macho ya mpita njia: pale palipopimwa kabla ya watu kuhamia, miongo kadhaa baadaye nyumba ni bora na mpangilio umenyooka zaidi kuliko pale palipoboreshwa baada ya watu kujaa.

Lakini kupima peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbweni imepimwa. Kibada imepimwa. Kilichoifanya Sinza iwe mtaa wa miguu ni kwamba ilipimwa kwa viwanja vidogo na mitaa mingi iliyokaribiana.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu mzima anayetembea mwendo wa kawaida, kilomita tano kwa saa, anamaliza kama mita 400 kwa dakika tano. Tuseme viwanja vina upana wa mita 12 kuelekea barabarani. Katika hizo mita 400 atapita viwanja 33 upande mmoja, 66 kwa pande mbili. Kila kiwanja kikiwa na kaya tatu, mwenye nyumba na wapangaji wake wa uani, hizo ni kaya 198 katika mtaa mmoja. Sasa panua kiwanja kiwe na mita 30 mbele, na kila kiwanja kiwe na familia moja ndani ya geti. Mita zilezile 400 zina kaya 26.

Mangi anayetafuta mahali pa kufungua duka hahitaji kusoma mipango miji ili aone tofauti hiyo. Kaya 198 zinazonunua unga, mafuta ya kupimwa na vocha kila siku zinamlisha yeye na watoto wake. Kaya 26 zinazokwenda supamaketi Jumamosi na kurudi na buti limejaa hazimlishi hata paka wake. Kwa hiyo mtaa wa matajiri hauna duka, na kwa sababu hauna duka kila mtu anatoka na gari, na kwa sababu kila mtu anatoka na gari hata anayetaka kufungua duka hamwoni mteja anayepita mlangoni. Hakuna aliyekula njama. Ni upana wa kiwanja tu unaojizalisha.

Nyumba yenyewe inasaidia. Ile nyumba yetu ya kawaida ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma, inabeba watu wengi bila kwenda ghorofani, na chumba cha mbele kinageuka fremu siku yoyote mwenye nyumba akitaka. Anatoboa ukuta, anaweka mlango wa chuma, mwezi ujao kuna saluni. Sinza, Magomeni, Kinondoni na Ilala zimejaa fremu za namna hiyo. Wataalamu wangeziita matumizi mchanganyiko ya ardhi. Kwa mama mwenye nyumba ni kodi ya kusomeshea mtoto.

Sitaki kuipamba Sinza kupita kiasi. Uhuru uleule wa kutoboa ukuta ndio ulioleta baa chini ya dirisha la chumba cha kulala, spika za mita mbili, na magari ya wateja yaliyoegeshwa mlangoni mwa watu usiku wa Ijumaa. Mtu mwenye mtoto mchanga au mwenye kufanya kazi za usiku ana haki ya kuikimbia. Ila akikimbilia Madale kutafuta utulivu, ajue anachokinunua na anachokiuza.

Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi mwingine mkubwa, wa viwanja 20,000, kukabili uhaba wa viwanja vilivyopimwa na kupunguza ujenzi holela. Mbweni, Bunju, Toangoma, Kibada, Kisota, Mwongozo na Buyuni ni baadhi ya maeneo yaliyopimwa. Kwa upande wa hati na mipaka ulikuwa msaada wa kweli. Mtu aliyenunua pale hakulala akiota kesi ya mipaka. Kwenye ramani kulikuwa na nafasi za shule, zahanati, soko na viwanja vya michezo. Tatizo la ramani ni kwamba haina kalenda. Wengi walionunua hawakujenga mara moja. Walizungushia fensi, wakaacha bikoni zao, zile alama za mipaka ya kiwanja, zimezama kwenye majani, wakangoja bei ipande. Aliyejenga wa kwanza aliishi miaka kadhaa akizungukwa na pori la wenzake. Duka haliendi mahali penye nyumba moja na mapori tisa, na daladala hali kadhalika. Kufikia watu wanaongezeka, waliotangulia walikwisha kununua magari na kuzoea.

Na maeneo hayo yako mbali. Hili linaonekana dogo mpaka ulitie kwenye hesabu ya fedha, na mimi naona hapa ndipo wapangaji wa Dar tunapojidanganya kuliko mahali pengine popote. Kodi inalipwa kwa mkupuo, inauma, tunaikumbuka. Nauli inatoka mfukoni kwa noti ndogo ndogo kila siku, hakuna anayeiandika. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda hadi Sh 600. Chukua mtu anayeishi ndani ya moja ya kata za pembezoni. Bodaboda mpaka kituoni, tuseme Sh 1,000, kisha daladala mbili za Sh 600 kila moja. Hiyo ni Sh 2,200 kwenda, Sh 4,400 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni Sh 114,400. Mume na mke wote wakitoka, ni Sh 228,800 kwa mwezi, bado hujamhesabu mtoto wa shule, na daladala za hesabu hii nimezichukulia za bei ya chini kabisa. Sasa rudi kwenye ile nyumba ya mjini uliyoikataa kwa sababu kodi yake ilizidi kwa laki moja na nusu. Ulikuwa umeikataa nyumba ya bei rahisi.

Katika hesabu hiyo sijaweka saa. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi foleni, akarudi saa mbili usiku, analipa kwa sarafu nyingine, na watoto wake ndio wanaotoa risiti.

Kitu kingine kinachoua kutembea hakimo ndani ya mtaa bali pembeni yake. Dar imekua kwa mikono minne: Barabara ya Bagamoyo kaskazini, Morogoro magharibi, Nyerere kuelekea uwanja wa ndege na Pugu, na Kilwa kusini. Mandela na Sam Nujoma zinaiunganisha mikono hiyo. Karibu kila mtaa wa Dar unapakana na mojawapo, na kila moja inazidi kupanuliwa. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimegeuzwa barabara ya njia nane baada ya bomoabomoa ya 2017 iliyoacha watu wengi bila nyumba. Mwenye gari anashukuru. Mwenye miguu anaona mto umepita katikati ya kijiji chake: shule iko ng'ambo, soko liko huku, na kivuko cha karibu kiko mbali kiasi kwamba watu wanaruka vizuizi vya zege na mizigo kichwani.

Madaraja ya waenda kwa miguu yanatolewa kama jibu. Manzese wana la kwao la siku nyingi, mpaka kituo kinaitwa Darajani. Ni afadhali kuliko kufa. Lakini angalia nani anayelipanda: kijana anapanda, bibi mwenye magoti mabovu hapandi, mwenye kiti cha magurudumu asipokuta njia ya mteremko amekwama, mama mwenye ndoo ya samaki anapiga hesabu ya ngazi na kuamua kubahatisha chini. Kivuko cha pundamilia chenye taa kinamlazimisha dereva angoje sekunde 30 akiwa amekaa kwenye kiti chenye kiyoyozi. Daraja linamlazimisha anayetembea apande ghorofa mbili juani. Uchaguzi kati ya viwili hivyo ni uchaguzi wa nani apewe usumbufu, na Dar tumekuwa tukimpa yuleyule.

Mabasi ya mwendokasi yalibadilisha kidogo mambo hayo. Awamu ya kwanza, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilikuja na njia za miguu na za baiskeli kandokando, na vivuko vya usawa wa barabara, visivyo na ngazi, katika vituo vingi. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Msongamano ndani ya mabasi na foleni za kusubiri ni kisa kingine. Kwa mtafuta nyumba, hata hivyo, jambo moja limebaki kweli: nyumba iliyo ndani ya dakika kumi za miguu kutoka kituo cha mwendokasi imepunguza safari mbili kuwa moja. Dakika kumi, yaani mita 800 hivi, ndizo mtu wa kawaida anazikubali kila siku bila kunung'unika. Zikifika 20 anaanza kuangalia bodaboda.

Tukipita mitaa yenyewe, Kariakoo ndiyo mji wa miguu kuliko wote na wakati huohuo haishiki wakazi. Mitaa yake iliyonyooka na iliyokatana kila baada ya hatua chache ni ya enzi za ukoloni, na nyumba za korido zilizokuwepo zimebadilika kuwa maghorofa ya maduka na stoo. Kila kitu kipo ila usingizi. Oktoba 2021 machinga waliondolewa kwenye njia za miguu na kupangiwa maeneo mengine, na ubishi haujaisha tangu hapo. Ni kweli walikuwa wamezijaza njia mpaka watu wakashukia barabarani. Ni kweli pia kwamba njia yenye muuza karanga na taa yake saa tatu usiku ni salama kwa binti kuliko njia pana isiyo na mtu. Ningependa tupate viongozi wanaoweza kushika ukweli wote miwili kwa mkono mmoja.

Upanga ni hadithi tofauti. Ni flati za ghorofa tatu nne, miti mikubwa, shule zilizopakana, Muhimbili hapo hapo, na Posta unafika kwa miguu jua likiwa bado la asubuhi. Sheria ya 1971 ilipotaifisha majengo ya kupangisha, mengi ya majengo ya huku na ya Kisutu yaliishia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo Upanga utakuta mpangaji wa miaka mingi wa shirika anaishi ngazi moja na mpangaji mpya anayelipa kodi ya soko. Ukibahatika kuingia, usitoke ovyo.

Magomeni inadharauliwa isivyostahili. Viwanja vimepangwa, fremu zipo, masoko yapo, na vituo vya mwendokasi vya Usalama, Mwembechai, Kagera na Mapipa vimeigawa vizuri. Mwaka 2022 Magomeni Kota ilizinduliwa upya ikiwa maghorofa ya kaya 644, na huo ni mfano adimu wa serikali kurudisha wakazi wa zamani katikati ya mji badala ya kuwasukuma nje. Kasoro yake kubwa ni bonde. Kati ya Magomeni na Kariakoo pana Jangwani, na mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa. Mtu anayeona ghorofa za Kariakoo kwa macho anashindwa kuzifikia kwa siku nzima.

Ilala na Kinondoni zinafanana na Magomeni kwa tabia, Kijitonyama inafanana na Sinza ikiwa na baa chache na ofisi nyingi. Mikocheni imegawanyika: upande mmoja fremu na vituo, upande mwingine kuta tupu.

Halafu kuna uswahilini penyewe, Manzese, Tandale, Mwananyamala, Hananasif. Kwa kipimo cha kumtuma mtoto dukani hakuna pa kuishinda. Vichochoro vimejaa macho, mama ntilie wako kila kona, kila fundi unayemtaka yuko hatua 50. Kinachokosekana ni vitu ambavyo miguu haiwezi kuvitengeneza: mifereji, taa, njia ya kupitisha gari la wagonjwa au la zimamoto. Hananasif katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishiriki kujenga mifereji na barabara za mtaa wao kwa nguvu kazi, na baadaye mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, ukajenga barabara za ndani, mitaro na taa katika kata mbalimbali za jiji. Mtaa wa aina hii ukipata mfereji unaofanya kazi na taa inayowaka, unakuwa mahali pazuri pa kuishi, na bei ya chumba inapanda kuthibitisha hilo. Hapo mpangaji maskini anaanza tena kutazama Chanika.

Ukienda kuikagua nyumba, basi, mwache dalali na bodaboda wake. Shuka kituoni na utembee mwenyewe mpaka mlangoni, ikiwezekana saa moja na nusu usiku, kwa sababu hiyo ndiyo saa utakayorudi nayo kila siku. Angalia kama taa zinawaka na kama kuna mabaraza yenye watu au kuta na waya wa umeme tu. Angalia mifuniko ya mtaro: ikiwa imevunjika leo, itakuwa imevunjika siku utakapokuwa na mtoto mgongoni. Tazama alama ya maji kwenye kuta za chini, maana ukuta hausahau mafuriko hata dalali akisahau. Hesabu barabara za kuvuka kati ya nyumba na shule, na zile ambazo magari yanapita kwa kasi uzihesabu mara mbili. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Simama pale dakika chache uone inavyoheshimiwa. Muulize mwenye genge anafunga saa ngapi. Akikwambia saa nne, mtaa una uhai. Akikwambia "giza likiingia tu", muulize kwa nini, na usikilize jibu lote.

Kivuli nacho kina thamani yake. Januari, saa saba mchana, mita 400 chini ya miti ya mikungu ni matembezi, mita 400 kandokando ya ukuta mweupe ni adhabu. Majirani wanaokata mwarobaini ili wapate nafasi ya kuegesha wanajua fika wanachokifanya?

Wapo waliokwisha kujenga Goba au Kivule na hawana mpango wa kuhama, na kuwaambia wahamie Upanga ni dhihaka. Maeneo hayo yanaweza kusogea. Katika urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, majirani hukaa na wapimaji na kukubaliana kila mmoja atoe kipande kwa ajili ya njia. Mabishano huwa ni upana wa barabara ya magari, na karibu kila mara vinasahaulika vichochoro vya kupita watu kati ya kuta mbili. Kichochoro cha mita mbili kinachotoboa kati ya viwanja kinaweza kupunguza mzunguko wa kilomita nzima kuwa dakika tano, na kinamgharimu kila jirani mita moja. Hilo linazungumzika kwenye kikao cha serikali ya mtaa, kabla bikoni hazijawekwa. Baada ya ukuta kujengwa ni kesi. Kona ya mtaa ikipewa fremu mbili badala ya ukuta mtupu, wa kwanza kufaidika ni mwenye kona.

Na kwa shule kuna ushahidi uliojaribiwa hapahapa. Shirika la Amend, kwa mpango wake wa usalama wa barabara kuzunguka shule unaoitwa SARSAI, liliweka matuta, alama, njia za miguu na vizuizi vidogo kwenye shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, na mwaka 2019 mpango huo ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya kimataifa ya World Resources Institute. Baadhi ya marekebisho yake yalikuwa ya kawaida mno: pale geti la shule lilipofungukia barabara yenye magari ya kasi, liliondolewa na kufunguliwa upande mwingine, kwenye njia ya mtaani. Kazi ya fundi mwashi, mlango wa chuma na mifuko michache ya saruji.